Mzee Koki na Kisima Alichokiogopa

Marehemu aliagiza kwamba kurasa hizi zisomwe zote, bila kurukwa hata mstari mmoja. Aliagiza pia asipambwe. "Msinipambe," alimwambia binti yake, mzaliwa wake wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi, ambaye ndiye aliyeandika haya na ndiye anayeyasoma mbele yenu sasa. "Mkinipamba nitaogopa hata huko niendako." Familia ilikaa siku tatu ikijadiliana. Mwanawe wa kiume alisema yasisomwe, kwa sababu watu wana midomo. Mjane alisema yasomwe, na katika nyumba ile mjane ndiye mwenye neno la mwisho tangu zamani. Basi yanasomwa, na msomaji anaomba radhi mapema ikiwa sauti itamtetemeka.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimwita Mzee Koki, alizaliwa tarehe 3 Machi 1950 katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya tanuri la matofali. Baba yake alikuwa mchoma matofali, na mama yake alifua nguo za watu. Alikuwa mtoto wa pili na wa mwisho. Wa kwanza alikuwa kaka yake, aliyemzidi miaka mitatu, na ambaye kwa masimulizi ya wote alikuwa mtundu, mcheshi na mwenye mbio. Udongo wa matofali ulichimbwa palepale nyuma ya nyumba, na mvua zikinyesha mashimo yalijaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, ambayo hakuna mtoto aliyejua kina chake.

Siku ya Alhamisi, tarehe 21 Mei 1959, saa tisa alasiri, ndugu hao wawili walikuwa wakitoka shule. Marehemu aliteleza akaingia shimoni. Alikuwa na miaka tisa. Kaka yake alivua viatu, akavipanga pembeni sambamba kama mama yao alivyowazoesha, akaruka. Alimsukuma mdogo wake juu mpaka mikono ya wachoma matofali ikamdaka. Mwenyewe hakutoka. Walimtoa baada ya saa nzima, na muda wote huo viatu vilikuwa pale pale pembeni, vimepangwa vizuri.

Kaka huyo alikuwa ameandikishwa katika darasa la ubatizo ambalo lingeanza mwezi uliofuata. Kwenye msiba, mama mmoja wa kanisa alimnong'oneza mwenzake, "Maskini, kaondoka hajabatizwa." Hakujua kwamba mtoto aliyekuwa chini ya meza alikuwa anasikia. Hakuna aliyemweleza mtoto huyo maana ya maneno yale, naye hakuthubutu kuuliza. Tangu siku hiyo marehemu aliishi na hofu mbili, ya maji na ya maneno yale, na hofu hizo zilikua pamoja naye kama watoto mapacha.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1957 hadi 1964. Hesabu alikuwa hodari, kuimba hakujaliwa. Mwaka 1965 alijiunga na shule ya ufundi, akahitimu mwaka 1967 akiwa fundi bomba. Watu walicheka kwamba mtu asiyethubutu hata kukanyaga dimbwi amechagua kazi ya maji. Yeye alikuwa na jibu lake: "Maji yakiwa ndani ya bomba, najua yanaelekea wapi." Hata nyumbani alioga kwa kopo. Beseni lililojaa alilipita kwa mbali kama mtu anayempita mbwa asiyemjua.

Lakini kabla ya ufundi kuna siku moja ambayo hatuwezi kuiruka, kwa kuwa yeye mwenyewe alituzuia kuiruka.

Kanisa lake lilifundisha, kama linavyofundisha hadi leo, kwamba anayemwamini Kristo anabatizwa kwa kuzamishwa mwili mzima. Anaingia majini kama anayezikwa pamoja na Kristo, anainuliwa kama aliyefufuka pamoja naye. Marehemu aliyasoma hayo miezi sita na akayaelewa kuliko wenzake wote. Tatizo halikuwa kuelewa. Jumapili ya tarehe 12 Aprili 1964, vijana ishirini na wawili walipelekwa kwenye bwawa lililokuwa jirani na tanuri. Kulikuwa na kibanda cha mabati chenye milango miwili. Walivalishwa kanzu nyeupe humo ndani, wakatoka kwa mlango wa nyuma mmoja mmoja kuelekea majini, alikosimama mchungaji. Kisha walirudi kibandani wakichuruzika, wakatokea mlango wa mbele, alikokaa karani wa kanisa na daftari lake.

Marehemu alikuwa wa kumi na saba. Alipofika mlango wa nyuma akayaona maji, rangi ileile ya chai ya maziwa, miguu ikagoma. Aliyekuwa nyuma yake akampita. Watu walikuwa wanaingia na kutoka, wanafutana, wanakumbatiana, wanaimba. Pembeni kulikuwa na jagi la maji ya kunawia miguu. Alilichukua, akageukia ukutani, akajimwagia kichwani, akatokea mlango wa mbele. Karani alikuwa na utaratibu wake. Hakutazama bwawani kwa sababu jua lilimpiga machoni. Alimwandika kila aliyetoka kibandani akiwa amelowa. Akauliza jina, akaandika, akampa mkono. "Hongera, mwanangu. Sasa u mtoto wa nyumbani."

Mchungaji alizamisha watu ishirini na mmoja. Daftari lilisema ishirini na wawili.

Siku hiyohiyo waliobatizwa walikaribishwa kwenye Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza. Mnajua wenyewe jinsi inavyofanyika: mkate unamegwa kuukumbuka mwili wa Kristo uliotolewa, kikombe kinapitishwa kuikumbuka damu yake, na kila mtu anajichunguza moyoni kabla hajanyoosha mkono. Walikuwa wamefundishwa kwamba anayeikaribia meza ile na uongo moyoni anajilia hukumu yake mwenyewe. Marehemu alikula kwa sababu wote walikuwa wanamtazama. Alisimulia kwamba kipande kile cha mkate kilimkwama kooni, na kwamba alikaa siku arobaini akisubiri kufa, akizihesabu. Siku ya arobaini na moja aliamka mzima. Hilo likamtisha zaidi, maana sasa hakujua hukumu itakuja lini.

Mwaka 1968 aliajiriwa na idara ya maji ya mji, akaitumikia hadi alipostaafu mwaka 2005. Jina la Koki alilipata huko, na alilistahili. Hakuweza kuvumilia koki inayovuja. Alikuwa anaingia nyumbani kwa watu, na kabla ya hodi kujibiwa vizuri ameshapiga magoti chini ya sinki la jikoni. Siku ya posa yake mwenyewe aliwakawiza wazee nusu saa nzima kwa kukaza bomba la baba mkwe. Baba mkwe alisema kijana huyu ama ana wazimu ama ni mume mzuri, na akaamua kubahatisha.

Alimwoa mshonaji, ambaye leo ni mjane wake, siku ya Jumamosi, tarehe 18 Septemba 1976. Kabla ya ndoa mchungaji aliomba cheti cha ubatizo. Marehemu alikitoa mfukoni kimekunjwa mara nne, naye akakawia kukiachia hata mchungaji akatania kwamba bwana harusi ameshaanza kumwogopa mkewe. Mkewe ndiye aliyeshona kanzu za ubatizo za kanisa zima. Kanzu ikiingia majini hupanda juu na kumfedhehesha mtu. Basi yeye alibuni njia: alishonea kwenye upindo vile vipete vya chuma ambavyo mafundi bomba wanaviita washa, vikaishikilia kanzu chini. Washa hizo zilitoka kwenye sanduku la mumewe. Marehemu alizihesabu mezani jioni za Ijumaa, kumi na sita kwa kila kanzu, na kamwe hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini alikuwa anazihesabu kimya kimya na uso umemshuka.

Mwaka 1979 kanisa liliamua kuachana na bwawa na kujenga kisima cha ubatizo ndani. Nani angekijenga kama si yeye? Kina urefu wa mita tatu, upana wa mita mbili, kina cha mita moja na robo, ngazi tano, vigae vya bluu, koki ya maji baridi na koki ya maji ya moto. Alikisugua kila kilipokuwa kikavu. Alikijaza kila kilipohitajika, amesimama nje, mkono kwenye valvu. Kikishajaa, alirudi nyuma mpaka ukutani. Watu walidhani ni unyenyekevu.

Kwa Meza ya Bwana alikuwa na hila nyingine. Baada ya ile ya kwanza hakula tena. Kila Jumapili ya meza kulikuwa na bomba linalovuja mahali fulani. Alipofanywa mzee wa kanisa mambo yakawa rahisi, kwa kuwa anayebeba sinia la mkate haulizwi kama yeye amekula. Miaka yote hiyo aliwagawia wengine, akarudi na sinia tupu.

Hapa ndipo wengi wenu mlipomjua. Kuanzia mwaka 1984 hadi 2023 alifundisha darasa la wanaoanza imani, kila Jumamosi saa kumi jioni, katika chumba cha nyuma cha kanisa, katikati ya kinanda kibovu na viti vilivyopangwa hadi darini. Aliombwa na mchungaji wa wakati huo, aliyekuwa ameshazeeka, kwa sababu hakuna muumini aliyeyajua masomo kama yeye. Hakuthubutu kukataa, maana angeulizwa sababu. Ukweli ni kwamba aliyajua masomo kwa kuwa alikuwa anatafuta humo jibu lake mwenyewe.

Masomo yalikuwa manane. La kwanza, kwamba Mungu ni mmoja, ndiye aliyeumba vyote, naye ni Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mtu akisema haelewi, marehemu alimjibu, "Hata mimi. Endelea kukaa." La pili, dhambi, yaani mtu kumkimbia aliyemuumba. La tatu, Yesu, Mungu aliyekuja akawa mtu, akazaliwa maskini, akasulubiwa kwa ajili ya wengine, siku ya tatu akafufuka. La nne, maombi, namna ya kusema na Mungu bila kujitia usomi. La tano, ubatizo. La sita, Meza ya Bwana. La saba, kanisa, kupendana na kuwatunza wagonjwa na wageni. La nane, ufufuo wa wafu na uzima wa milele.

Somo la tatu alilifundisha vizuri kuliko mtu yeyote. Alipofika mahali pa kusema kwamba mmoja alikufa ili mwingine aishi, sauti ilimkatika. Tulisifu imani yake. Hatukujua kwamba anaona viatu.

Somo la nane lilikuwa na tabu yake. Katika karibu kila kundi alikuwepo mtu wa kunyoosha mkono na kuuliza, "Mwalimu, na mtu akifa kabla hajabatizwa, anakwenda wapi?" Marehemu alifunga daftari, akavua miwani, akaifuta. "Swali zuri. Tutalijibu Jumamosi ijayo." Jumamosi iliyofuata darasa lilikuwa limeshakwisha, au kulikuwa na mvua, au koki ya jikoni la kanisa ilikuwa imeharibika. Watu mia sita na kumi na moja walipita katika chumba kile wakaingia kisimani. Hakuna hata mmoja aliyejibiwa.

Tarehe 14 Novemba 1991 yule mchungaji mzee, aliyekuwa amesimama bwawani mwaka 1964, alikuwa mahututi, akamwita marehemu nyumbani kwake. Aliomba waachwe wawili.

"Siku ile nilihesabu ishirini na mmoja," mchungaji alisema. "Mimi hesabu hainipotei. Nimenyamaza miaka ishirini na saba nikimsubiri huyo mmoja aje mwenyewe. Humjui, mwanangu?"

Mlango ulikuwa wazi kidogo, na nje marehemu alisikia vikombe vya wageni.

"Simjui, mchungaji," alijibu.

Mzee yule alifumba macho. "Basi ukimwona, mwambie nilikuwa simkasirikii." Alifariki kesho yake. Marehemu alibeba jeneza, upande wa kichwa, na tangu hapo hofu zake zikawa tatu, ya tatu ikiwa ya uongo aliomwambia mtu anayekufa.

Mwezi Januari 2023 marehemu alianza kukosa pumzi akipanda ngazi. Vipimo vilionyesha kwamba moyo umechoka, na daktari wake, mwanamke mpole asiyezunguka maneno, akamweleza kwamba mapafu yanaanza kujaa maji. Marehemu alicheka mpaka akakohoa. Binti yake alikasirika kwamba baba anachekea ugonjwa. Hakujua kinachomchekesha, wala kwamba hakikuwa kicheko. Maji aliyoyakimbia miaka sitini na minne yalikuwa yamempata kwa ndani.

Jumamosi ya tarehe 7 Septemba 2024, saa kumi jioni, saa ya darasa lake, binti huyo alikuwa anampangia dawa kwenye kisahani. Marehemu alikuwa ameketi kitandani, ameegemea mito mitatu.

"Mwanangu, funga mlango," alisema. "Mimi sijabatizwa."

Binti alidhani ni dawa zinamchanganya. Akamgusa paji la uso. Lilikuwa la baridi. Ndipo marehemu alipoanza kusimulia, tangu shimo la udongo hadi jagi, na kila alipofika mahali pabaya alishika shuka kwa vidole vyote. "Nitakufa hivi karibuni," alimaliza, "nami naogopa, mama. Naogopa mpaka meno yanagongana. Sijui kipi naogopa zaidi, kufa sijabatizwa au kuingia kwenye yale maji."

Mkewe alikuwa sebuleni akipinda kanzu. Aliambiwa na marehemu mwenyewe, kwa kuwa binti alikataa katakata kulibeba hilo. Kisha mama akalipuka.

"Miaka arobaini na minane! Nimelala na mpagani miaka arobaini na minane! Na kila Jumapili ya Meza najisifu kwa watu, eti mume wangu hana mchezo na kazi, mabomba yote ya kanisa yanamtegemea yeye!"

"Mke wangu..."

"Usiniite. Nyamaza."

Alikwenda jikoni. Sufuria zilisema naye kwa muda mrefu. Aliporudi, macho yalikuwa mekundu na mkononi alikuwa na futi ya kupimia nguo. "Inua mikono," alisema. Akampima kifua, akampima mabega, akaandika kwenye kipande cha karatasi. "Umekonda," akasema, akatoka tena.

Mchungaji wetu wa sasa alipitia darasa lilelile akiwa na miaka kumi na sita, na hakuacha kumwita marehemu Mwalimu. Alipoelezwa aliketi chini kwenye zulia kama mwanafunzi. Marehemu alimwuliza kitu kimoja: je, wale mia sita na kumi na moja waliofundishwa na mtu asiyebatizwa, wamebatizwa au hawajabatizwa?

"Walibatizwa katika jina la Mungu, Mwalimu, si katika jina lako," mchungaji alisema. "La kwao liko salama. Sasa tuzungumze la kwako." Akapendekeza, kwa kuwa mgonjwa hana pumzi, amwagiwe maji kichwani palepale kitandani, kama makanisa mengine mengi ya Kikristo yafanyavyo, wala ubatizo wao si pungufu.

"Kwa jagi?" marehemu aliuliza.

"Kwa jagi."

"Hapana. La jagi nilishalifanya. Nipelekeni kisimani."

Daktari alisema hawezi kuandika ruhusa ya jambo kama hilo, na kwamba moyo ule unaweza kusimama kwa mshtuko. Alisema pia kwamba, kisima kiwepo kisiwepo, zilizobaki ni siku, wala si miezi. Kisha akasema Jumapili hana zamu, na kwamba atakuja na mkoba wake. Nyumbani hapakulalika. Mwanawe wa kiume, ambaye naye ni fundi bomba, alimwambia dada yake waziwazi, "Tunampeleka baba kumwua."

Jumapili, tarehe 29 Septemba 2024, saa tisa alasiri, kanisa lilikuwa limefungwa. Walikuwepo mkewe, watoto wake wawili, mchungaji na daktari. Kijana wake, yule fundi bomba, alikuwa amejaza kisima tangu saa saba. Marehemu aliletwa kwa kiti cha magurudumu, amevaa kanzu mpya nyeupe yenye washa kumi na sita. Alizigusa kwa vidole, moja moja, akazihesabu. Mchungaji alikuwa ameshaingia, maji kifuani. Kijana alimshika baba yake mkono wa kulia, wakashuka ngazi ya kwanza, ya pili. Ya tatu, maji yalipofika magotini, marehemu alisema, "Ngoja."

Walingoja. Maji yalikuwa yanatikisika kwa sababu yeye alikuwa anatetemeka. Alikuwa na miaka sabini na minne, lakini uso aliokuwa nao pale ulikuwa wa mtoto. "Siwezi," alisema. "Nirudisheni. Siwezi, jamani, siwezi." Daktari alipiga hatua mbele. Kijana alimtazama dada yake, na dada akatazama chini, kwa kuwa naye alitaka arudishwe.

Ndipo mama akavua viatu. Ni mtu wa usafi, hawezi kuacha kitu ovyo; alivipanga sambamba ukingoni mwa kisima, akashuka na gauni lake la kanisani, akamshika mumewe mkono wa kushoto.

Marehemu aliviangalia viatu vile muda mrefu. "Hivyohivyo," alisema. "Aliviweka hivyohivyo." Akaanza kulia kwa sauti, kilio ambacho nadhani kilikuwa kinasubiri tangu mwaka 1959, na huku akilia akashuka ngazi ya nne na ya tano.

"Unamwamini Yesu Kristo kuwa Bwana na Mwokozi wako?" mchungaji aliuliza.

"Namwamini. Lakini naogopa."

"Ogopa tu, Mwalimu. Tumekushika."

Akamzamisha kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Zilikuwa sekunde mbili. Marehemu aliibuka amekodoa macho, hapumui. Tulimwita. Hakuitika. Midomo ilikuwa ya kijivu, daktari alikuwa ameshaingia majini na viatu vyake, kijana alikuwa anapiga kelele, na kila mmoja wetu pale aliamini kwamba amemwua. Kisha akakohoa, akakohoa tena, akavuta pumzi ndefu yenye mlio, akamgeukia mwanawe.

"Koki ya moto umefungua nusu," alisema. "Maji ya baridi kiasi hiki unamwekea nani?"

Palepale, marehemu akiwa amefunikwa mataulo, mchungaji alimmegea mkate. Ulikuwa wa pili maishani mwake. Alitafuna taratibu, macho yamefumbwa, na safari hii ulishuka. Kwenye daftari la kanisa, mbele ya jina lake la mwaka 1964, mchungaji ameongeza kwa wino mwekundu: tazama 29 Septemba 2024.

Marehemu alifariki hospitalini siku ya Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, saa tano asubuhi, mkewe akiwa amemshika mkono. Watakuwepo watakaosema maji yale ndiyo yaliyomwua. Daktari anasema moyo ulikuwa umefika mwisho wake, lakini hakuna anayeweza kuapa, na hofu hiyo sisi tutaibeba. Wala hatutawadanganya kwamba aliondoka bila woga. Aliogopa hadi Jumatatu usiku. Ila tangu kisimani hakuogopa peke yake tena, wala hakuificha hofu yake. Alisema, "Naogopa," tukasema, "Tupo," akalala.

Ameacha mjane, watoto wawili, wajukuu watano na kitukuu mmoja. Ameacha wanafunzi mia sita na kumi na moja, na wote mnaosimama hapa mkiwa miongoni mwao mnaombwa msiwe na wasiwasi juu ya ubatizo wenu. Amevaa kanzu ileile ya kisimani. Mama alikataa kutoa washa.

Limebaki jambo moja. Katika daftari lake la masomo, pembeni mwa somo la nane, ameandika lile swali: mtu akifa kabla hajabatizwa, anakwenda wapi? Chini yake kuna vistari vya penseli, kimoja kwa kila mara alipoulizwa akaahirisha. Vipo arobaini na vitatu. Jumatatu mchana aliomba penseli. Hakuongeza kistari. Aliandika kwa mwandiko uliopinda, "Mimi sijui. Mungu anajua. Nitakwenda kumwuliza kaka mwenyewe. Waambie darasa, Jumamosi ijayo, saa kumi."

Leo ni Jumamosi, na saa kumi imefika. Tunamshusha sasa. Apumzike Mzee Koki, na aliyevua viatu kwa ajili yake awe wa kwanza kumshika mkono.